Ng'ombe Ana Josho, Wewe Una Soksi

Ukipanda vilima vya Ngong, jua kuna aliyekutangulia. Kupe amekaa kwenye ncha ya jani, ameinua miguu ya mbele, anasubiri. Haruki wala hadondoki kutoka mtini. Miguu hiyo hunusa pumzi yako na kuhisi joto lako, kilichobaki ni suruali yako ipite. Yule mkubwa mwenye miguu ya mistari, mpenzi wa ng'ombe, hata hangoji: huja mwenyewe akitembea. Basi usitandike chakula pale ng'ombe walipolala, hata kivuli kikupendeze vipi.

Mfugaji huogesha ng'ombe kwenye josho akihofia ndigana kali. Wewe vaa suruali ndefu ya rangi isiyokoza, uichomeke ndani ya soksi. Kwenye picha utaonekana kituko, kubali. Permethrini ipuliziwe nguo tu, ngozi ipakwe dawa yenye DEET.

Jioni, hata kabla ya chai, vua kila kitu ujikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kiuno palipobanwa na mkanda, nyuma ya masikio, kichwani. Mgongo mwachie mwenzio. Watoto watangulie. Pitisha vidole polepole, maana kupe wachanga, wenye miguu sita, ni wadogo kama punje za chumvi.

Ukimkuta amezama, nyumba nzima itageuka zahanati. Shangazi ataleta mafuta ya taa, binamu kiberiti, jirani tumbaku. Washukuru wote, na uwakatalie wote! Kupe aliyechomwa au kupakwa mafuta hatoki upesi, na akisumbuliwa anaweza kutema mate zaidi ndani ya jeraha, nayo mate ndiyo hubeba ugonjwa. Chukua kibano chenye ncha nyembamba. Mshike karibu kabisa na ngozi, kinywani, usimminye tumbo. Vuta taratibu, wima, bila kuzungusha. Kipande cha kinywa kikibaki na kikagoma kutoka, kiache, ngozi itakisukuma yenyewe. Osha kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha.

Kisha andika tarehe. Homa ya kupe ya Kiafrika, inayoletwa na bakteria Rickettsia africae, huanza siku kadhaa baadaye: homa, kichwa na misuli kuuma, tezi kuvimba, na mara nyingi kidonda chenye gamba jeusi. Inafanana mno na malaria mwanzoni. Pima malaria, naam, lakini mwonyeshe daktari lile gamba na umwambie ulikotembea. Doksisaiklini huiponya vizuri.

Na ukilala kwenye nyumba kuukuu ya udongo, kuna papasi, ndugu yake kupe. Huishi kwenye nyufa, huuma usiku, hurudi kwake kabla hujaamka, kwa hiyo kujikagua hakutakusaidia. Usimdharau: Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyeichunguza homa ya papasi nchini Kongo, aliugua homa hiyohiyo akafariki huko mwaka 1905. Lala juu ya kitanda, si sakafuni, kitanda kisiguse ukuta, na chandarua ukichomeke chini ya godoro pande zote.