Madhehebu ya Kompyuta

Nyumba yetu, ambayo kwa fadhila za Mola haijapata kugawanyika kwa ajili ya mirathi, imegawanyika kwa ajili ya mifumo endeshi ya kompyuta. Shemeji yangu, mtu wa staha na manukato, ni mfuasi wa macOS, na itikadi yake ni kwamba virusi ni maradhi ya mafakiri; mpwa wangu hutumia Linux, na hamalizi kuamkia kabla hajakueleza kwamba msimbo wake u wazi kwa kila mwenye macho; nasi tuliobaki tumo katika Windows, inayoandamwa na wezi kwa sababu isiyo na fumbo, nayo ni kwamba ndimo walimo watu.

Usiku wa kikao cha harusi mhazini alirejea kutoka steshenari alikokwenda kuchapisha orodha ya michango, na flashi ilipochomekwa katika kompyuta yangu hapakuonekana ila njia za mkato, orodha haipo; flashi ilikuwa imeokota kirusi. Nyuso za waliolipa zilisawijika, za walioahidi tu zikanawiri, na ami yetu mmoja, ambaye ahadi yake ilizipita zote, akasema kwa unyenyekevu kwamba kadari haipingwi.

Shemeji akaanza hutuba. Nilimkumbusha kwa taadhima kwamba mwaka 2012 programu haramu iliyoitwa Flashback iliambukiza Mac zipatazo 600,000, na kwamba Novemba 2017 toleo la High Sierra lilibainika kumkabidhi mtu mamlaka yote kwa kuandika tu jina «root» na kuacha mahali pa nywila patupu. Alijibu kwamba kasoro ile ilirekebishwa upesi, na hilo ni kweli. Mpwa alipocheka, naye akatajiwa mlango wa siri uliotiwa katika xz, programu itumikayo katika Linux, uliogunduliwa mwaka 2024 na Andres Freund kwa kuwa alishangaa kuona kuingia katika kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kumechelewa kama nusu sekunde. Kwetu, ambako chai yenyewe huchelewa hadi isha, nusu sekunde hiyo isingemshughulisha mtu. Ama Windows, programu haramu ya WannaCry iliyotaabisha hospitali za Uingereza Mei 2017 ilipitia ufa ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi, walakini sithubutu kuwalaumu walioahirisha, maana masasisho hula bando la wiki nzima kabla ya adhuhuri.

Hatimaye mpwa aliiomba flashi. Kirusi cha namna ile aghalabu hakifuti kitu, bali huzitia folda alama ya kufichwa, kisha huweka njia za mkato ili mwenye mali azibonyeze mwenyewe. Linux haikuijali alama ile, ikaonyesha kila kitu pamoja na kirusi chenyewe, kimekaa bila kazi kwa kuwa kiliandikiwa Windows.

Orodha ikasomwa hadi jina la ami. Papo hapo akadai kwamba ushahidi utokao katika kompyuta iliyo wazi kwa kila mtu haukubaliki, akaigeukia Mac ya shemeji, ambayo haina hata tundu la kuchomekea flashi ile pasipo adapta, akaitangaza kuwa ndiyo salama kuliko zote, na akapendekeza hesabu za harusi ijayo zihifadhiwe humo. Waliomuunga mkono ni wale wote ambao mhazini alikuwa amewapigia mstari mwekundu.