Bahari Haidai

Desemba imefika, na jirani yetu kapeleka familia Mombasa. Sacco inamdai, chama kinamdai, mama wa duka kamjazia daftari. Lakini watoto sharti waione bahari, maana yasemekana Januari inahama.

Wamepanda treni ya SGR, shilingi 1,500 daraja la kawaida. Hapo nampa heko: reli yenyewe ilijengwa kwa mkopo, takriban asilimia 90 ya gharama ikitoka Benki ya Exim ya China, na bado hushuka pwani kila siku bila haya. Mdaiwa kampakia mdaiwa, wote wanatazama tembo wa Tsavo dirishani.

Ufukweni Bamburi wamepigwa picha juu ya ngamia, baba mbele, kifua nje. Picha zote zimewekwa kwenye status. Mama wa duka kazitazama moja moja, hata ile ya kamba wa kukaanga, kisha kaandika: “Mmependeza.” Wadhamini wa mkopo wake wa Sacco, ambao akiba zao zimefungwa kwa ajili yake, hawakuandika kitu, walikuwa kazini.

Pasaka, nasikia, ni Naivasha. Reli inaelekea huko pia, nayo ya mkopo.