Inafungua Mdomo, Haili

Shangazi alitaka jambo moja tu: wageni waliokuja Kwedizinga kwa Idi waone harusi ya bintiye. Diski anayo, ameikunja ndani ya khanga kama hati ya shamba. Deki yake iliungua umeme uliporudi ghafla. Ikabaki kompyuta yangu, mtumba wa Korogwe wenye Windows XP, ambayo Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia Aprili 2014. Na kimbelembele ni mimi: "Shangazi, hilo dogo."

Nikabonyeza kitufe. Trei ikatoka, nikalaza diski, ikarudi, taa ikapepesa. Kufungua "My Computer", C ipo, D haipo. Si kwamba imegoma kusoma. Haipo kabisa, kama mwenye deni siku ya gulio.

"Inafungua mdomo, haili," akasema shangazi. Siku ile nzima hakuna fundi aliyeueleza ugonjwa vizuri kuliko hapo.

Nikazima, nikafungua ubavu. Vumbi jekundu, na juu ya ule waya bapa wa matundu 40, mayai mawili ya mjusi yametulia kama yamelipa kodi. Nikayahamishia kwenye kikombe, nikapuliza, nikachomoa waya na kuuchomeka upya. Wapi!

Nikampigia mpwa wangu Dar, nimesimama juu ya kichuguu maana mtandao unapatikana huko tu.

"Mjomba, kuna programu umeiondoa karibuni?"

Ipo. Ile ya kuchomea CD. Nilitaka nafasi ya picha.

"Ndiyo hiyo. Imeondoka, majina ya walinzi wake yamebaki mlangoni: UpperFilters na LowerFilters. Windows inawaita, hawaitiki, nayo haimruhusu mtu kupita. Ingia kwenye rejista uwafute. Folda yao andika: nne, D ya Dodoma, tatu, sita, E..."

Jina la folda lina tarakimu na herufi 32. Nikaandika kiganjani hadi karibu na kiwiko, huku nikipaza sauti: "B ya Bagamoyo au P ya Pangani?" Jirani akadhani nasomewa tokeni za LUKU, akakimbilia mita yake. Alirudi analalamika kwamba mita yake haina D.

Nikawafuta wote wawili, nikawasha upya. D hiyo hapo! Shangazi akapiga kigelegele, wageni wakasogeza viti. Nikabonyeza. Kompyuta ikanijibu: weka diski. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Weka diski. Mara nne.

Mjukuu wa shangazi, wa darasa la tatu, alikuwa amechuchumaa mbele ya trei. "Babu, hapa pameandikwa CD. Kwenye diski ya bibi pameandikwa DVD."

Nikaanza kueleza habari za mwanga, kwamba wa CD ni nanomita 780 na wa DVD 650, vijishimo vyake ni vidogo zaidi, jicho la CD haliwezi kuvisoma. Wageni walisharudi kwenye pilau.

Shangazi akaikunja diski yake kwenye khanga, kisha akanisogezea kile kikombe.

"Haya, mrudishie mwenzio nyumba yake."