Uonekane Fundi wa Kompyuta Kariakoo kwa Vidole Viwili

Unataka watu waseme unajua kompyuta, na shule hutaki. Umefika pazuri. Ndani ya fremu ya Kariakoo hakuna atakayekuuliza cheti. Mteja anavuta stuli, anakaa pembeni yako, anatazama skrini, na kabla soda yake haijaisha ameshaamua kama wewe ni fundi au ni mbabaishaji. Anachokiangalia ni hiki: ukibofya linki, inafungukia wapi? Asiyejua anabofya tu, ukurasa aliokuwa nao unapotea, anarudi nyuma, anaanza kutafuta upya huku jasho likimtoka. Anayejua ameshapanga kila linki ikae wapi. Kupanga huko hakuhitaji akili nyingi, kunahitaji vidole viwili.

1. Shika Ctrl kabla hujabofya

Sifa zako zote zinaanzia hapa. Kidole cha mkono wa kushoto kwenye Ctrl, kisha bofya: linki inafunguka kwenye kichupo (tab) kipya kwa nyuma, na wewe unabaki palepale ulipo. Ukibonyeza gurudumu la mausi juu ya linki, matokeo ni yaleyale. Ukishika Ctrl na Shift pamoja, kichupo kipya kinakuja mbele. Shift peke yake inafungua dirisha jipya zima. Mwenye Mac abofye akiwa ameshika Command badala ya Ctrl.

Sasa tazama faida yake. Mama muuza mapazia anataka kuagiza mzigo China. "Mdogo wangu, hebu niangalizie bei." Fungua Alibaba, andika bidhaa, orodha itokee. Ukibofya kawaida, bidhaa inakurusha kwenye kichupo chake na orodha unaiacha nyuma, kila mara urudi kuifuata. Wewe shika Ctrl, bofya ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya saba, mfululizo, bila kuondoka kwenye orodha. Wakati zinafunguka, mwulize mama mzigo anaupitisha melini au kwenye ndege, maana melini atalipia ujazo na kwenye ndege atalipia kilo. Akimaliza kujibu, kurasa zote ziko tayari. Bonyeza Ctrl na Tab, upite moja baada ya nyingine: hii bei nzuri lakini wanataka uchukue vipande elfu, hii kitambaa chepesi, hii ndiyo. Ctrl na 1 inakurudisha kwenye kichupo cha kwanza. Mama hajaona ukihangaika hata mara moja, na kesho atakuletea shoga yake.

2. Mjue anayekuamulia

Linki haifunguki kwenye kichupo kipya kwa bahati. Aliyetengeneza ukurasa ameandika maagizo mafupi, target="_blank", na kivinjari kinatii. Asipoandika, linki inafunguka palepale na kuufuta ukurasa uliokuwa unausoma. Tabia ya kufungua pembeni ni ya siku nyingi: Internet Explorer ilipata vichupo mwaka 2006 tu, na kabla ya hapo wateja wa intaneti kafe walizoea madirisha kurundikana chini ya skrini mpaka hujui lipi ni lipi.

Wengi wanajua kulazimisha linki iende kichupo kipya. Wachache wanajua kuizuia isiende, na hapo ndipo utakapowashinda. Ikamate kwa mausi, iburute hadi juu, iachie juu ya kichupo ulichomo. Itafunguka hapohapo, maagizo ya mwenye ukurasa yasikuhusu. Fanya hivyo mbele ya kijana wa fremu ya jirani, usieleze chochote, mwache aulize.

Mvivu zaidi aingie kwenye mipangilio ya utafutaji ya Google, achague matokeo yafunguke kwenye dirisha jipya. Firefox nayo ina kisanduku cha kuchagua kama ukifungua kichupo kipya uhamie huko mara moja au ubaki. Weka alama, sahau.

3. Kwenye fomu usifanye mchezo

Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB, steshenari zinajaa. Kijana amekuja na cheti cha kuzaliwa, majina ya mdhamini, picha, na nauli ya kurudi Mbagala tu mfukoni. Umejaza nusu, kisha unaona linki ya mwongozo. Ukiibofya bila Ctrl, unaweza kuipoteza fomu na yote uliyoandika, naye aanze kukutajia upya namba moja moja huku foleni ikinung'unika. Ndani ya fomu, kila linki ishikie Ctrl. Kila linki. Hapa heshima yako ndogo kuliko muda wa mtoto wa watu.

4. Ukikosea, usibadilishe uso

Umefunga kichupo sicho. Usigune, usiseme "loh". Ctrl, Shift na T: kinarudi. Bonyeza tena, kinarudi kilichofungwa kabla yake. Ukurasa unarudi, ila ulichokuwa umeandika kwenye fomu usikitegemee, ndiyo maana namba tatu nimeikazia.

5. Simuni

Gandamiza linki kwa kidole, subiri menyu, chagua kichupo kipya. Linki ya duka ndani ya Instagram hufungukia humohumo ndani ya Instagram, na ukitoka inapotea. Gusa vidoti vitatu, ihamishie kwenye kivinjari. Usirundike: Chrome ya Android vichupo vikizidi 99 inaacha kuhesabu, inakuwekea :D. Simu yenye kumbukumbu ndogo itavitupa vya nyuma, na ukivirudia vinapakuliwa upya kwa bando lako.

6. Funga kazi kama mtu mzima

Ile Ctrl, Shift na T inayokuokoa wewe inamfaa pia mteja anayefuata. Kufunga kichupo siyo kutoka kwenye akaunti. Mtu amefungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya steshenari, akafunga, akaenda zake. Anayekaa baada yake akibonyeza vitufe vitatu anaikuta wazi. Kwa kazi za namna hiyo mfungulie mteja dirisha fiche (incognito), Ctrl, Shift na N kwenye Chrome, na akimaliza funga madirisha fiche yote, maana moja likibaki wazi akaunti nayo inabaki. Kama alitumia dirisha la kawaida, akishanyanyuka bonyeza Ctrl, Shift na T wewe mwenyewe. Barua pepe yake ikitokea, bonyeza "Ondoka", ndipo umwite anayefuata.