YAH: Chakula cha Mchana Kamwokya

Kwa Ofisi ya Taifa ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ambayo siku hizi makao yake ni ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, Kampala.

Barua hii imeandikwa kwa Kiswahili makusudi. Kampala wapo wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya bunduki, maana wazee wao walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwaamuru wakae chini. Lakini marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakumbuka kukiidhinisha tena. Ofisi haitakosa mtu wa kuisoma. Akikosekana, polisi wataiazima mmoja.

Kwanza, pongezi kwa serikali kwa operesheni ya tarehe 22 Desemba 2020. Mchana huo wakili Nicholas Opiyo, mkurugenzi wa shirika la Chapter Four Uganda, alikuwa na wenzake wanne katika mkahawa mmoja wa Kamwokya. Mtaa huo umeona mengi. Jumba la Makumbusho la Taifa liko jirani, Kololo ya matajiri iko ng'ambo ya barabara, na kwenye vichochoro vyake wauza rolex hupindua chapati na mayai kutoka alfajiri mpaka usiku wa manane. Studio ya Robert Kyagulanyi, mwanamuziki aliyekuwa akigombea urais, iko humo. Makao makuu ya chama chake nayo yalikuwa humo wakati huo, na Oktoba askari walikuwa wamekwisha kuyavamia. Hata hivyo, watu wenye silaha na nguo za kiraia kuja kuzoa meza nzima ni jambo ambalo halikuwa kwenye menyu.

Kosa likatajwa: utakatishaji wa fedha. Sasa, Kamwokya inajua kutakatisha. Kamba za nguo zimetandazwa juu ya mifereji, na mvua ikija matope hurudi kwenye shuka zile zile. Lakini hati ya mashtaka ilieleza ufuaji wa namna nyingine: dola 340,000 za Marekani zilizoingia Oktoba 2020 katika akaunti ya benki yenye jina la Chapter Four lenyewe. Ni dobi gani huyu? Mwizi anayebisha hodi na kusaini kitabu cha wageni kabla ya kuiba angemwonea haya.

Opiyo alifikishwa mahakamani mkesha wa Krismasi, sikukuu akaila katika gereza la Kitalya, na tarehe 30 Desemba Mahakama Kuu ikampa dhamana ya shilingi milioni 15. Uchaguzi ulikuwa tarehe 14 Januari. Mwenye haraka ya kuunganisha tarehe hizo na aunganishe mwenyewe. Barua ya kiofisi haina nafasi ya uvumi.

Ofisi itasema kukamata si kazi yake, na ni kweli. Kazi yake ilikuja mwaka uliofuata. Tarehe 20 Agosti 2021 Ofisi ilisimamisha mashirika 54 kwa mkupuo, yakiwa yamepangwa vizuri kwenye mafungu: 23 vibali vimekwisha muda, 15 hayajawasilisha ripoti za mwaka na hesabu zilizokaguliwa, 16 hayajajiandikisha kabisa. Chapter Four limo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Septemba, mwendesha mashtaka mkuu akaifuta kesi ya Opiyo. Hivyo dobi akatoka safi, na beseni lake likabaki limefungiwa mpaka mwaka 2022, baada ya shirika kwenda mahakamani.

Huenda tatizo ni jina. Shirika hili limejiita kwa sura ya nne ya Katiba ya 1995, sura ya haki za binadamu, na kifungu chake cha 20 kinasema haki hizo mtu huzaliwa nazo, hazitolewi na dola. Ni sentensi inayoudhi, hasa kwa ofisi inayoishi kwa kutoa vibali. Tena Opiyo ana historia ya kuhesabu mahali pabaya: mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi iliyoiangusha Sheria dhidi ya Ushoga, kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia siku ya kuipitisha.

Hapa ndipo mwandishi anapokuja na ombi lake, nalo linahusu hesabu.

Tarehe 18 na 19 Novemba 2020, Kyagulanyi alipokamatwa Luuka, vijana waliingia barabarani, na vyombo vya usalama vikafyatua risasi. Rais Museveni mwenyewe alilitangazia taifa kwamba waliokufa ni 54. Kazi ya watetezi wa haki katika wiki zile ilikuwa kukusanya taarifa za mauaji hayo: nani, wapi, risasi ilitoka upande gani. Mwezi mmoja baadaye meza ya Kamwokya ikazolewa.

Wafu 54, mashirika 54. Mashirika yalipata mafungu matatu, kila moja na sababu yake. Wafu walipata tangazo la televisheni na ahadi ya fidia kwa wasiokuwa na hatia.

Kwa kuwa Ofisi ina kipaji kisichopingika cha kupanga 54, inaombwa iwaazime majirani zake wa Wizara karani mmoja tu na kitabu chenye mistari. Fungu la kwanza: waliopigwa risasi wakiwa kazini, sokoni au dirishani. La pili: askari waliofyatua, na kibali cha kila mmoja kama kimekwisha muda. La tatu: ripoti za mwaka ambazo hazijawasilishwa, kuanzia 2020.

Jibu likiwa tayari, liletwe Kamwokya kwa mkono. Mjumbe aombwe kuvaa sare yenye namba, na asije saa saba mchana, watu wakiwa wanakula.