Mweka Hazina Yuko California

Ukoo wetu umegawanywa na Mto Athi, nusu Kitui, nusu Makueni, na binamu yangu ndiye mweka hazina wa pande zote mbili. Tulipomwitisha hesabu ya mbuzi wa ntheo, wale wa mahari, alituandikia baruapepe kwamba yuko Mombasa kwenye semina, tumvumilie.

Mjomba, mwalimu mstaafu wa Wote, hana subira ya namna hiyo. Alifungua yale maandishi ya kichwani mwa baruapepe ambayo wengi wetu hatuyaoni. Kila seva inayopokea ujumbe huugonga muhuri wake juu ya ule uliotangulia, kwa hiyo anayetaka kujua ulikotoka husoma kutoka chini kwenda juu. Kidole cha mjomba kikasimama pale chini: MUTOMO-CYBER4, na mbele yake 192.168.1.104.

"Hizi namba tuziache," akasema, "za 192.168 ni za ndani ya jengo tu, hata kompyuta ya chifu huenda inazo. Lakini hilo jina?"

Programu ya barua iliyowekwa kwenye kompyuta ilikuwa imejitambulisha kwa seva kwa jina la mashine, bila kuulizwa. Mtu mmoja alijaribu kumtetea binamu kwamba Mutomo ya Kitui na Mombasa zote huanza na M. Hakusaidia.

Basi kila mtu akawa mpelelezi. Shangazi wa Kibwezi alitaka barua ya mwanawe ikaguliwe, aliyoituma kwa simu. Anwani ya IP ikasema Nairobi. "Ameenda Nairobi bila kuniaga?" akafoka, na kijana yuko jikoni anakula muthokoi. Mitandao ya simu huwapitisha wateja maelfu kwenye anwani chache, na ramani za intaneti hupenda kuwaweka wote jijini. Kueleza hilo kulituchukua jioni nzima, na shangazi bado anamtazama mwanawe kwa jicho la pembeni.

Binamu naye amejanjaruka. Siku hizi hutumia Gmail ya kwenye kivinjari, ambayo huficha IP ya mtumaji na kuonyesha seva za Google pekee. Mjomba aliifuata anwani ya seva hizo ikamfikisha California, na kikao kikataka kujua nauli ilitoka mfuko gani. Kilichobaki cha kumshika ni saa, +0300, nayo ni ileile kuanzia Mwingi hadi Mtwara.

Tumeazimia hesabu iletwe kwa mkono. Binamu amekubali, kwa baruapepe.