Farasi Waliobaki Mombasa

Shemeji yangu ndiye aliyelianzisha. Tulikuwa harusini tukingoja pilau, akaninong'oneza kwamba pale Uwanja wa Wilson, Nairobi, kuna Cessna 172 mbili kuukuu zinauzwa, tena tukichanga wawili bei itatufika. Leseni yangu ya urubani ilikuwa na miezi minne tu. Pilau ilipoletwa, mimi tayari nilikuwa mwenye ndege.

Jumamosi tukaenda watatu: mimi, shemeji na mke wangu, aliyesema anatusindikiza ili apate cha kusimulia.

Ndege ya kwanza ilikuwa ya 1958: mkia wima kama ubao wa kaburi, nyuma haina dirisha. Ya pili, ya 1977, ilikuwa na mkia uliolala kwa madaha, dirisha la nyuma na flapu za umeme. Shemeji anajua magari, kwa hiyo alipiga teke gurudumu la ile ya pili na kutangaza kwamba shughuli imekwisha.

Fundi tuliyemlipa aikague akamtazama kwa huruma. "Mzee, mkia hauli mafuta. Tuangalie injini."

Akatueleza kwamba mwaka huo wa 1977 Cessna waliipa 172 injini mpya ya Lycoming ya nguvu farasi 160, na injini hiyo ikajipatia sifa mbaya ya kula kamshafti yake yenyewe. Kufikia modeli ya 1981 walikuwa wameshaibadilisha. Halafu ndege yenyewe ilikuwa imekaa miaka miwili bila kuruka, na injini ya ndege huumia zaidi ikikaa kuliko ikifanya kazi. Kwenye Lycoming kamshafti iko juu, oili huchuruzika yote chini, kutu inaingia. Akafungua boneti. Ndani mlikuwa na kiota na mayai matatu.

"Angalau yupo anayeruka nayo," akasema mke wangu.

Tukarudi kwa ile ya mkia wa kaburi. Injini yake ni Continental ya silinda sita, nguvu farasi 145, na kamshafti yake iko chini, karibu na oili. Fundi alianza kutabasamu. Nami kwa furaha nikazunguka bawa haraka, ukingo wa flapu ukanipata katikati ya paji la uso. Ukaniachia alama ya almasi. Marubani wa Cessna dunia nzima wanaijua alama hiyo, na sijakutana na aliyejivunia kuipata.

Nikaingia ndani nikiwa nimeshika paji. Katikati ya viti palikuwa na wenzo mrefu, nikadhani ni breki ya mkono. Mniwie radhi: mimi nilifundishwa kwenye ndege ambayo flapu hushushwa kwa swichi, na Cessna 172 zilikuwa na wenzo hadi katikati ya miaka ya 1960. Nikauvuta kwa nguvu zote, kama dereva wa matatu aliyeona askari. Flapu zote mbili zikashuka kwa kishindo. Shemeji alikuwa chini ya ile ya kulia, akikagua rangi.

Alipoweza kukaa, fundi akamletea maji, kisha akatuuliza swali ambalo muuzaji hakuligusa: tuna kilo ngapi? Mimi 108, shemeji 117. Akachukua kalamu. Ndege hii ikipaa haitakiwi kuzidi karibu kilo 1,000. Yenyewe tupu, pamoja na redio zake, ilikuwa 620. Mafuta ya kujaza matangi, 115. Sisi wawili, 225. Zikabaki kilo 40.

Mke wangu akauliza kama hizo 40 ni zake au za mkoba wake. Tukatazama mkia.

"Na msisahau," fundi akaongeza, "Wilson iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Kati ya hao farasi 145, zaidi ya ishirini wamebaki Mombasa. Jua likiwaka, na wengine wanawafuata."

Tulinunua ya 1958. Mimi huipaisha asubuhi na mapema, kabla farasi hawajateremka pwani, na matangi hayajai. Shemeji analipa nusu yake bila kukosa, ila akija uwanjani huvaa helmeti ya bodaboda, wala haivui mpaka nitoke ndani ya ndege.